Kutia hopsi kavu kwenye bia ya nyumbani: mwongozo kamili kwa lita 20, bila kuhamisha bia

Ukichemsha hopsi, yaani maua ya mmea yanayoipa bia ladha na harufu, kwa saa nzima unapata uchungu, lakini harufu yake karibu yote huwa imeshapaa na mvuke. Mafuta yanayobeba harufu ya balungi, maua na msonobari ni mepesi, hayastahimili moto. Kwa hiyo mtengenezaji huweka akiba ya hopsi kwa ajili ya mwisho. Maji ya kimea yakishapoa na hamira ikishafanya sehemu kubwa ya kazi yake, hopsi hutiwa ndani ya chombo bila kuchemshwa, zikakaa siku chache, kisha bia ikatengwa nazo. Hiyo ndiyo kazi ya kutia hopsi kavu.

Waingereza waliifanya zamani sana kwa kutia hopsi moja kwa moja kwenye mapipa, na pale ale (bia za rangi hafifu zenye hopsi nyingi) zilizosafirishwa kwenda India katika karne ya 19 zilitiwa hopsi kwa njia hiyo. Wamarekani waliichukua wakaipa sura yao. Mwaka 1975 kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilitoa Liberty Ale, iliyotiwa hopsi kavu za Cascade, aina iliyokuwa imetolewa kwa wakulima miaka mitatu tu kabla yake kutokana na utafiti uliofanywa Oregon. Pale ale za Marekani tunazozijua leo zimepita njia hiyohiyo, na ndizo nitakazotumia kama mfano hapa: lita 20, kipimo cha mwanzo 1.050 (uzito wa maji ya kimea ukilinganishwa na maji matupu; sukari ikiliwa namba hushuka), hamira ya US-05 pakiti moja ya gramu 11.5, na hopsi za Cascade.

Kabla ya kuwasha jiko, jua sheria ya mahali unapoishi. Marekani, sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978 iliruhusu mtu mzima kutengeneza galoni 100 kwa mwaka, yaani kama lita 380, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, kwa kunywa na si kwa kuuza. Hata hivyo kila jimbo lilibaki na uamuzi wake, na Mississippi na Alabama zilikuwa za mwisho kukubali, mwaka 2013. Afrika Mashariki kila nchi ina sheria yake ya leseni za vileo, kwa hiyo uliza kwanza.

Kwa nini nasema bia isihamishwe

Ukisoma maelekezo ya zamani utaambiwa hivi: baada ya wiki moja, vuta bia kwa mpira uipeleke kwenye chombo cha pili, uiache wiki mbili itulie, na hopsi uzitie humo. Sababu iliyotolewa ilikuwa hofu ya hamira iliyokufa. Seli zikikaa chini kwa muda mrefu hupasuka na kuachia ladha ya nyama au mpira ulioungua. Hofu hiyo ina msingi kiwandani, kwenye tangi refu ambako mashapo ya hamira hugandamizwa na uzito wa bia yote iliyo juu na kujikusanyia joto. Kwenye ndoo ya lita 25 nyumbani hamira imetandaa chini kwa tabaka jembamba, na haitadhuru chochote kwa wiki tatu au nne.

Kinachodhuru ni oksijeni. Kila unapohamisha bia inakutana na hewa mara tatu: ndani ya mpira, inapoanguka kwenye chombo kipya, na kwenye nafasi tupu inayobaki juu yake. Hamira iliyokuwa ikila oksijeni mwanzoni sasa imelala. Bia yenye hopsi nyingi ndiyo huumia kuliko zote, kwa sababu misombo yenye harufu huharibika mapema. Rangi ya dhahabu hugeuka kahawia, harufu ya balungi hufifia, na baada ya wiki kadhaa inabaki ladha ya boksi lililolowa. Mtu aliyetumia gramu 100 za hopsi nzuri kisha akamimina bia yake hewani amezilipia hopsi bila kuzinywa.

Zaidi ya hayo, ndani ya chombo cha pili kwa kawaida hakuna kuchachuka kwa maana. Sukari imekwisha, bia inatulia tu na mashapo yanashuka, jambo linalofanyika vizuri vilevile ndani ya chombo cha kwanza. Pale ambapo chombo cha pili kina kazi ya kweli nitapaeleza mbele.

Hopsi zipi, kiasi gani

Nunua hopsi za vidonge badala ya maua makavu. Vidonge ni hopsi zilizosagwa na kushindiliwa; zikilowa husambaratika na kuachia mafuta haraka, tena hubeba hewa kidogo kuliko maua. Zifungue unuse. Cascade nzuri ina rangi ya kijani na harufu ya balungi na maua. Zikinuka jibini, au rangi ikielekea kahawia, zimeshapigwa na hewa. Usizitie kwenye bia kwa matumaini kwamba harufu hiyo itapotea. Zinazobaki zifunge bila hewa na uzitunze kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kuhusu kiasi, watu huzidisha. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Scott Lafontaine na Thomas Shellhammer, walichapisha jaribio la kutia Cascade kwa viwango tofauti kwenye bia moja. Harufu iliongezeka kadiri hopsi zilivyoongezeka, lakini zikipita gramu 8 kwa lita nyongeza ilikuwa ndogo, na harufu yenyewe ilianza kuacha machungwa na kuelekea majani ya chai. Eneo lenye faida lilikuwa kati ya gramu 4 na 8 kwa lita. Kwa lita 20 hiyo ni gramu 80 hadi 160. Anza na 100. Kwa pale ale inatosha kabisa, na ukitaka zaidi safari ijayo utakuwa na mahali pa kulinganishia.

Je, hopsi zichemshwe kwanza ili kuua vijidudu? Hapana. Asidi za hopsi zenyewe huwazuia bakteria wengi wa kuchachusha maziwa, na bia iliyokwisha kuchachuka ina pombe na uchachu vinavyowafanya wengine washindwe kukaa. Kinachohitaji kutakaswa ni vitu vyako: mkasi wa kufungulia pakiti, mikono, mfuko wa kitambaa kama unautumia, na kifuniko. Tumia dawa ya kutakasia isiyohitaji kusuuzwa. Ukiwa na jiki tu, suuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe kabisa, maana klorini iliyobaki huipa bia ladha ya dawa ya hospitali.

Hatua ya kwanza: acha hamira imalize

Tia hamira maji ya kimea yakiwa na nyuzi 18 hadi 20 na ujitahidi yabaki hapo. Kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam, chumba chenye nyuzi 30 kitaifanya US-05 itoe ladha kali ya pombe. Weka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni. Njia nyingine ni kuacha kupigana na joto na kutumia hamira ya kveik, ile ya mashambani magharibi mwa Norway. Aina ya Voss hufanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 35 na kwenda juu kidogo, na harufu yake ya machungwa inapatana na Cascade.

Siku ya tatu au ya nne povu zito litaanza kushuka. Usihesabu mapovu kwenye kizibo cha kutolea hewa, maana kizibo hupumua hata joto likibadilika tu. Chukua haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha kipimo kama kile cha 1.050. Pima siku ya sita, pima tena siku ya nane. Namba mbili zikifanana, tuseme 1.012 na 1.012, uchachukaji umesimama. Sampuli uliyoipima usiirudishe kwenye chombo, inywe.

Sasa ifanyie jaribio la siagi. Jaza bia kidogo kwenye glasi mbili na uzifunike. Moja iache ilivyo, nyingine iweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 kwa dakika 20, kisha ipoze. Nusa zote mbili. Iliyopashwa moto ikinukia siagi au bisi za sinema, ndani ya bia bado kuna malighafi ya dayasetili, kemikali yenye harufu ya siagi, ambayo hamira haijaisafisha. Ngoja siku mbili, ukipandisha joto kidogo mpaka nyuzi 21. Jaribio hili ni la maana kuliko linavyoonekana, kwa sababu hopsi nazo zinaweza kuleta dayasetili, na usipojua bia ilikuwaje kabla ya kuzitia hutajua kosa linatoka wapi.

Hatua ya pili: kutia

Wengine hutia hopsi mapema, siku ya pili au ya tatu, povu likiwa bado juu. Wana sababu mbili nzuri. Hamira iliyo kazini hula oksijeni unayoiingiza unapofungua kifuniko, na pia hubadilisha baadhi ya mafuta ya hopsi: jeraniol, yenye harufu ya waridi, hugeuzwa kwa sehemu kuwa sitronelol, yenye harufu ya ndimu. Hasara ni kwamba hewa ukaa inayotoka kwa nguvu huchukua sehemu ya harufu na kuondoka nayo. Kwa bia nzito zenye ukungu za mtindo wa New England njia hiyo inafaa. Kwa pale ale safi napendelea kuchelewa.

Njia ninayoipendekeza iko katikati. Subiri mpaka vipimo viko pointi mbili au tatu (yaani 0.002 au 0.003) juu ya kipimo cha mwisho unachokitarajia, au ndiyo kwanza vimekifikia, hamira ikiwa bado inaelea na ina uhai wa kula hewa kidogo. Ukichagua kutia kabla vipimo havijatulia kabisa, jaribio la siagi lihamishie baada ya hopsi.

Siku yenyewe usiharakishe mkono. Bia iliyochachuka imejaa hewa ukaa iliyoyeyuka, na vidonge vikiingia vyote kwa mpigo gesi hushikamana navyo na kulipuka kama soda iliyotikiswa. Ndoo iliyojaa itamwaga povu mpaka sakafuni. Tia robo kwanza, ngoja nusu dakika, tia nyingine. Fungua kifuniko kidogo tu, usikoroge, usitikise, funga mara moja.

Mfuko au bila mfuko? Bila mfuko hopsi huenea na kutoa harufu vizuri zaidi, kisha huzama zikilowa au bia ikipozwa. Ukitumia mfuko, uchemshe dakika kumi, uwe mpana mara kadhaa kuliko hopsi zilizomo maana zitavimba, na uwekee uzito wa chuma cha pua ili usielee. Hopsi kwenye mfuko uliobana hubaki kavu katikati, na hilo ni hasara tupu. Mimi ningetia bila mfuko na kuweka wavu mdogo kwenye ncha ya mpira wakati wa kutoa bia.

Chombo cha kioo kifunike kwa kitambaa cheusi. Mwanga wa jua huvunja asidi za hopsi na kutoa harufu chafu ndani ya dakika chache, na hopsi zikiwa nyingi malighafi ya harufu hiyo ni nyingi pia.

Hatua ya tatu: siku mbili hadi nne, basi

Hapa ndipo maelekezo ya wiki mbili yanapoharibu bia. Mafuta mengi ya harufu hutoka kwenye vidonge ndani ya siku ya kwanza hadi ya tatu. Baadaye kinachoendelea kutoka ni tanini na vitu vingine vya majani: ladha ya nyasi, ukavu unaokwangua koo, na ukungu. Kwenye nyuzi 15 hadi 20 siku tatu zinatosha. Chini ya hapo, kwa mfano nyuzi 14, ongeza siku moja.

Siku hizo tatu zina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui. Hopsi zina vimeng'enya vinavyokata sukari ndefu, zile ambazo hamira haikuweza kuzila, zikawa sukari fupi. Hamira iliyokuwa imelala huamka na kula. Si jambo jipya: Horace Brown na G. Harris Morris waliliandika Uingereza mwaka 1893, likasahaulika, mpaka bia za hopsi nyingi ziliporudi sokoni na chupa zikaanza kujaa gesi kupita kiasi.

Kwa mtu wa nyumbani hii ni hatari halisi. Kila pointi moja ya kipimo inayoshuka ndani ya chupa iliyofungwa huongeza karibu nusu ujazo wa hewa ukaa (ujazo mmoja ni lita moja ya gesi ndani ya lita moja ya bia). Bia uliyoipangia ujazo 2.4, ikishuka kutoka 1.012 hadi 1.010 ndani ya chupa, inafika karibu 3.4. Chupa nyembamba inaweza kupasuka mkononi mwa mtu. Kwa hiyo pima siku ya tatu baada ya hopsi, na pima tena baada ya siku mbili ukiwa bado kwenye joto lilelile. Namba zikiwa bado zinashuka, usifunge chupa hata kama siku ulizopanga zimekwisha; afadhali ladha kidogo ya nyasi kuliko vioo vilivyotawanyika jikoni. Uchachukaji huu wa pili huleta pia dayasetili, kwa hiyo rudia jaribio la siagi hapa.

Hatua ya nne: kupoza

Ikiwa una friji inayoingiza chombo, shusha joto mpaka nyuzi 2 hadi 4 kwa siku moja au mbili. Vidonge na hamira vitazama na bia itatoka safi. Angalia jambo moja: bia ikipoa, gesi iliyo juu yake hunywea na chombo huvuta hewa kutoka nje, pamoja na maji yaliyo kwenye kizibo. Badala ya kizibo, funga puto imara lililojazwa hewa ukaa wakati wa kuchachuka. Chombo kitavuta gesi hiyo badala ya oksijeni. Asiyekuwa na friji wala puto aache hatua hii. Bia yenye ukungu kidogo ina ladha nzuri kuliko bia angavu iliyovuta hewa.

Hatua ya tano: chupa

Chemsha sukari ya mezani na maji kidogo, kadiria gramu 6 kwa kila lita ya bia. Kumbuka hopsi zitakuwa zimenyonya nusu lita au zaidi, kwa hiyo pima bia uliyo nayo, usihesabu lita 20 za mwanzo. Hesabu hiyo ni ya bia iliyochachuka kwenye nyuzi 20. Hata ukiipoza baadaye, tumia joto la juu iliyofikia baada ya kuchachuka, kwa sababu hilo ndilo lililoamua gesi iliyobaki ndani.

Uhamisho huu mmoja hauepukiki, basi ufanye kwa utulivu. Ncha ya mpira ilale chini kabisa ya chombo cha kupokea, bia ipande juu polepole bila kuchuruzika hewani. Tumia chupa nene za kahawia, jaza mpaka karibu na mdomo, ziba papo hapo. Wiki mbili kwenye joto la chumba zinatosha kupata gesi.

Masalia ya hopsi yatupe mahali ambapo mbwa hawafiki. Hopsi ni sumu kwa mbwa. Hupandisha joto la mwili wao kiasi cha kuua, hata zikishatumika.

Wakati chombo cha pili kinastahili

Kuna bia zinazokihitaji. Ukitaka kutia maembe yaliyopondwa au matunda mengine, sukari yake itachachuka upya kwa kweli, na ni vizuri kuyatenga na mashapo ya kwanza. Bia nzito ya kukaa miezi sita, bia ya vipande vya mwaloni, na bia chachu za bakteria wa polepole zote zinafaa kuhamishwa.

Ukifanya hivyo, chombo kiwe na ukubwa wa bia yenyewe. Lita 19 ziingie kwenye dumu la lita 19 mpaka shingoni, si kwenye ndoo ya 25 yenye nafasi tupu. Kama una mtungi wa hewa ukaa, jaza gesi hiyo kwanza ili isukume hewa nje. Hamisha kabla uchachukaji haujakwisha kabisa, ili hamira iliyobaki imalizie oksijeni iliyoingia. Na ikiwa bia hiyo nayo itatiwa hopsi kavu, zitie siku tatu za mwisho kabla ya chupa, hata kama ilikaa miezi mitano. Harufu ya hopsi haingoji.

Chupa zikishapata gesi zihamishie kwenye friji. Fungua moja baada ya wiki mbili, nyingine baada ya wiki nne, nyingine baada ya nane, na uandike unachonusa na rangi unayoiona. Ikiwa ile ya wiki ya nane imekuwa kahawia na ya wiki ya pili ilikuwa dhahabu, kagua mpira, nafasi iliyo juu ya chupa na mara ulizofungua kifuniko, kabla hujaongeza hata gramu moja ya hopsi.